Fundi Mwenye Stara

Jioni moja niliketi mbele ya kompyuta, nikaandika faili fupi la ukurasa wa wavuti na kulijaza makosa kwa makusudi. Sikutamka mwanzoni kuwa ni faili la aina gani. Sikuweka kichwa wala mwili. Aya ya kwanza niliifungua na sikuifunga. Katika aya ya pili nilianza herufi nzito, katikati yake nikaanza mlazo, kisha nikafunga uzito kabla ya kufunga mlazo, kama mtu aliyevaa shati na koti juu yake, halafu akataka kuvua shati kwanza. Mwisho niliweka jedwali la nauli za mabasi, na sentensi moja nikaitupa ndani ya jedwali hilo lakini nje ya visanduku vyake vyote, haina pa kukaa.

Nikalifungua faili lile kwa kivinjari, na ukurasa ukatokea. Aya mbili zimetengana vizuri. Maneno mazito ni mazito, ya mlazo yamelala, jedwali limesimama safu kwa safu, na ile sentensi yatima imepewa nafasi juu ya jedwali, inasomeka. Hapakuwa na onyo wala karipio. Nikalifungua tena kwa kivinjari kingine, kilichotengenezwa na watu wengine kabisa kwa msimbo mwingine kabisa. Makosa yaleyale yalikuwa yamesitiriwa kwa namna ileile.

Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kusitiri kosa la mtu ni wema, na wema huo tunaujua tangu tukilelewa. Lakini mafundi wanaoshindana sokoni kukubaliana kulisitiri kosa lilelile kwa hatua zilezile, hadi herufi ya mwisho, ni kazi iliyochukua karibu miaka 20 kukomaa. Nataka tuitazame kwa utulivu, kwa sababu tunaishi juu yake kila siku bila kuiona.

Sehemu ya kivinjari inayofanya kazi hii huitwa injini ya uonyeshaji. Kisanduku cha anwani, vitufe vya kurudi nyuma na orodha ya kurasa ulizozipenda ni ganda tu. Injini iko ndani. Leo injini kubwa zinazotumika duniani ni tatu: Blink iliyomo katika Chrome, Edge na Opera, WebKit iliyomo katika Safari, na Gecko iliyomo katika Firefox. Kinachoifikia injini kutoka mtandaoni ni mfululizo wa herufi tu, zimefuatana kama shanga katika uzi. Humo ndani maneno yamechanganyika na tagi, yaani alama zinazosema hapa aya inaanza, hapa herufi nzito zinaisha. Kazi ya kwanza ya injini ni kuugeuza uzi huo kuwa mti: shina moja, matawi yanayotoka humo, na maneno yakiwa majani.

Hapo ndipo kosa langu la shati na koti linapokuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Tuseme niliandika neno "moja", nikafungua uzito, nikaandika "mbili", nikafungua mlazo, nikaandika "tatu", nikafunga uzito, nikaandika "nne", nikafunga mlazo, nikamaliza na "tano". Mti hauwezi kupokea maelezo hayo. Tawi la mlazo limeota ndani ya tawi la uzito, nami nimelikata tawi mama huku nikidai mtoto aendelee kukua. Injini haikatai. Inapofika pale nilipofunga uzito, inatazama nyuma na kuona kuwa mlazo bado uko wazi ndani yake. Inaufunga mlazo, inaufunga uzito, kisha inafungua mlazo mpya nje, kwa ajili ya neno "nne" peke yake. Matokeo yake ni kwamba "mbili" ni nzito, "tatu" ni nzito tena imelala, "nne" imelala tu, na "tano" ni ya kawaida. Yaani ndivyo hasa nilivyokusudia. Fundi amesoma nia yangu kupitia kosa langu.

Kanuni rasmi za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, zina jina la hatua hizo, nalo limetokana na wakala wa kuwatafutia watoto familia za kuwaasili. Ile sentensi iliyotupwa ndani ya jedwali nayo ina kanuni yake, na jina la kanuni hiyo linatokana na mzazi wa kulea. Jedwali si mzazi wa sentensi, ni mzazi wa safu na visanduku. Basi sentensi inatolewa humo na kukabidhiwa kwa yule aliye juu ya jedwali, ikae kabla yake. Walioandika kanuni hizi ni wahandisi, watu wa hesabu na mantiki. Walipotafuta maneno ya kueleza wanachokifanya kwa maandishi yaliyopotoka, waliyapata katika malezi.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Tim Berners-Lee alitengeneza kivinjari cha kwanza mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva. Mwaka 1993 kikaja Mosaic kutoka Chuo Kikuu cha Illinois, mwaka uliofuata Netscape, na mwaka 1995 Internet Explorer. Vyote vilisamehe makosa, maana kurasa nyingi ziliandikwa kwa mkono na watu waliokuwa wanajifunza. Lakini kila kimoja kilisamehe kivyake. Ukurasa uliokaa sawa hapa ulivunjika kule, na haikuwezekana kumlaumu mtu, kwa sababu kanuni zilieleza namna ya kusoma ukurasa ulioandikwa vizuri na kunyamaza kuhusu ulioandikwa vibaya. Wenye kurasa wakawa wanabandika tangazo mlangoni: tumia kivinjari fulani, vinginevyo hutauona vizuri.

Ikatokea rai ya ukali. Mwaka 2000 W3C, shirika la viwango vya wavuti, lilitoa XHTML, lugha iliyojengwa juu ya kanuni kali za XML. Ukurasa uliotumwa kwa kanuni hizo ukiwa na kosa moja tu, tagi moja isiyofungwa, msomaji hapati ukurasa. Anapata ujumbe wa kosa. Hoja yao ilieleweka: waandishi wakibanwa watajifunza kuandika vizuri. Lakini tazama ni nani anayeadhibiwa. Mama anayetafuta kipimo cha dawa ya mtoto, au kijana anayesubiri matokeo ya mtihani, ndiye anayefungiwa mlango kwa kosa la mtu asiyemjua, na kosa lenyewe hawezi kulirekebisha. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Katika wavuti pia, kosa moja halikustahili kuvunja ukurasa mzima.

Mwaka 2004 watu kutoka Apple, Mozilla na Opera waliunda kundi lao, WHATWG, wakashika njia nyingine. Mhariri wao, Ian Hickson, alifanya kazi ambayo wachache wangeivumilia: alichunguza vivinjari vilivyokuwapo vinafanya nini hasa vinapokutana na kila aina ya kosa, kisha akayaandika kanuni kwa kanuni. Sehemu ya kanuni inayosoma herufi moja moja peke yake ina hali 80. Kwa kila hali imeelezwa herufi gani ikija ifanyike nini, na faili likikatika katikati ya neno ifanyike nini. Hakuna mfululizo wa herufi, hata kama paka ametembea juu ya kibodi, ambao kanuni hizo hazina jibu lake. Mwaka 2011 Firefox 4 ilitoka ikiwa na kisomaji kilichoandikwa na Henri Sivonen kwa kuzifuata kanuni hizo, na injini nyingine zikaja kwenye njia hiyo hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 2009, W3C ilikuwa imeiacha kazi ya toleo la pili la XHTML. Huruma ilishinda, lakini ilishinda kwa kuwekewa kanuni. Huruma isiyo na kanuni ndiyo iliyoleta vurugu za mwanzo.

Mti ukishasimama, injini huuvisha. Mavazi yanatoka katika lugha nyingine, CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie tarehe 10 Oktoba 1994 akiwa CERN, akaiendeleza pamoja na Bert Bos hadi toleo lake la kwanza likaidhinishwa Desemba 1996. Humo ndimo mwandishi anaposema: kila aya iliyo ndani ya habari kuu iwe na rangi hii na ukubwa huu. Kujua kanuni ipi inalihusu neno lipi, injini hufanya kama mtu anayetafuta ukoo. Haianzi kwa babu na kuhesabu wajukuu wake wote. Inaanza kwa mtoto aliye mbele yake na kuuliza: baba yako nani, na babu yako? Njia ya kupanda ni moja tu, ya kushuka ni nyingi, na kurasa za leo zina maelfu ya matawi.

Katika mavazi nako stara ipo. Injini ikikuta agizo isilolijua, huliruka hadi kwenye nukta mkato na kuendelea na linalofuata. Kanuni hii ni fupi, na faida yake haina mwisho. Kwa sababu yake mbunifu anaweza leo kutumia pambo jipya kabisa, na simu ya miaka kumi iliyopita ikaufungua ukurasa wake bila pambo hilo, maneno yote yakiwa salama. Aprili 2005 Hickson alisaidia kutunga jaribio lililoitwa Acid2: ukurasa ambao ukionyeshwa sawasawa unatoa uso wa manjano unaotabasamu. Ndani ya maagizo yake yaliwekwa makosa ya makusudi, ili kuona kama injini inajua kuruka kile kinachopaswa kurukwa. Injini zilizokosea zilitoa uso uliopondeka. Kabla mwezi huo haujaisha, Dave Hyatt wa Apple alitangaza kwamba Safari aliyokuwa akiifanyia kazi imeuchora uso mzima.

Baada ya mavazi huja vipimo, na hapa ndipo ninapopenda kukaa muda mrefu. Rudi kwenye jedwali langu la nauli. Lina safu tatu: mji, saa ya kuondoka, nauli. Sikusema kila safu iwe na upana gani. Injini inaliuliza kila kisanduku maswali mawili. La kwanza: ukibanwa kabisa bila neno kukatwa, unahitaji upana gani? La pili: ukiachiwa nafasi uandikwe wote katika mstari mmoja, utachukua upana gani? "Dar es Salaam" ni jina refu, lakini likibanwa linaweza kushuka mistari mitatu, kwa hiyo kima chake cha chini ni upana wa neno "Salaam" tu. "Sumbawanga" halina pa kukatikia. Basi Sumbawanga ndiyo inayoamua udogo wa safu nzima ya miji, hata kama ni mji mmoja kati ya thelathini. Injini hulipita jedwali lote ikikusanya majibu hayo, ndipo inapogawa nafasi iliyopo, kila safu ikipata kadiri ya mahitaji yake. Haiwezi kuanza kugawa kabla ya kumsikiliza wa mwisho, maana huenda mwenye neno refu kuliko wote yuko kwenye mstari wa chini kabisa.

Vipimo vyenyewe ni vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Gecko huigawa pikseli moja katika vipande 60, Blink na WebKit katika vipande 64. Idadi ya 60 inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 5 na kwa 6 bila baki, kwa hiyo safu tatu zinazogawana upana hazipotezi kitu. Idadi ya 64 inagawanyika nusu kwa nusu hadi ifike 1, jambo ambalo kompyuta hulifanya kwa wepesi. Kuna watu walioketi wakajadiliana juu ya makombo ya pikseli, ili ukingo wa jedwali usitetereke.

Na kuna nafasi kati ya aya. Ukisema kila aya iache pengo la 20 chini yake, na kichwa cha habari kinachofuata kiache pengo la 30 juu yake, injini haijumlishi kuwa 50. Mapengo hayo mawili huingiana na kubaki 30, lile kubwa. Wengi wanaoanza kujifunza hulalamikia kanuni hii, lakini ukiitazama ukurasa mrefu utaona busara yake. Aya na kichwa cha habari vyote vinaomba nafasi ya kupumua, na aliyeomba zaidi akishapewa, yule mwingine naye ametoshelezwa.

Kwa sisi wasomaji wa Kiswahili, kuna ufundi mmoja unaotugusa kwa karibu. Lugha yetu iliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kilatini kushika nafasi, na hadi leo ukurasa wa Kiswahili unaweza kuwa na jina la kitabu au dua iliyoandikwa kwa hati hizo katikati ya sentensi. Katika faili, herufi ain ni nambari moja tu. Kwenye skrini ina sura nne: ikiwa peke yake, ikiwa mwanzoni mwa neno, ikiwa katikati, ikiwa mwishoni. Chrome na Firefox huikabidhi kazi hiyo kwa programu iitwayo HarfBuzz, ambayo hutazama jirani wa kila herufi kabla ya kuchagua sura yake. Kisha kuna mwelekeo. Sentensi ya Kiswahili inakwenda kulia, maneno ya Kiarabu yaliyomo yanakwenda kushoto, na mwaka uliotajwa ndani ya maneno hayo unasomwa tena kuelekea kulia. Je, mstari ukiisha katikati ya maneno ya Kiarabu? Injini hukata mstari kwanza kwa utaratibu wa usomaji, ndipo inageuza mwelekeo wa kila kipande. Kwa hiyo maneno yanayosomwa kwanza hubaki mstari wa juu na yanayofuata hushuka. Ingegeuza kwanza na kukata baadaye, dua ingeanzia mwishoni. Katika mistari hiyo hiyo, "ng'ombe" hubaki neno moja. Injini inajua kwamba king'ong'o chetu si mahali pa kukatia.

Mwisho kabisa ndipo rangi inapopakwa, na hapa nitapita upesi. Skrini nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo injini ina takriban milisekunde 16.7 kuandaa kila picha unapoteremsha ukurasa kwa kidole. Tena haisubiri faili lote lifike. Maneno yakianza kuingia huanza kuyaonyesha, na ikiwa mwandishi ametaja vipimo vya picha, huitengea nafasi kabla haijafika, ili mstari unaousoma usirukishwe chini. Mtu mwenye bando dogo na mtandao wa kusuasua anasoma habari yake wakati picha bado ziko njiani.

Ufundi huu umepita mikononi mwa wengi. Uamuzi wa Netscape wa kuufungua msimbo wake kwa ulimwengu mwaka 1998 ndio ulioifikisha Gecko ilipo leo. WebKit ilianzia kwa KHTML, kazi ya watu wa mradi huria wa KDE, Lars Knoll akiwa mmoja wa walioijenga upya. Apple waliichukua na kutangaza Safari Januari 2003. Google wakaijenga Chrome juu ya WebKit mwaka 2008, na mwaka 2013 wakaitenga kuwa Blink. Kwa hiyo ndani ya simu nyingi sana za leo kuna nasaba inayorudi kwa kundi la wapenzi wa programu huria waliotaka tu kivinjari chema kwa ajili ya kompyuta zao.

Baada ya jaribio langu nilifungua ukurasa mmoja zaidi. CERN bado inahifadhi nakala ya kale ya ukurasa wa kwanza wa wavuti, ule ambao Berners-Lee alieleza mradi wake. Nikatazama msimbo wake. Karibu na kichwa kuna tagi iitwayo NEXTID, iliyokuwa ikiisaidia programu ya Berners-Lee ya kuandikia kwenye kompyuta ya NeXT kukumbuka nambari ya kiungo kitakachofuata. Kompyuta hizo hazitengenezwi tena. Tagi hiyo haina kazi yoyote leo.

Injini ilifika kwenye neno hilo lisilo na maana kwake, ikalipa nafasi katika mti bila kulichora popote, ikaendelea. Kichwa cha habari kikatokea kikubwa na kizito, viungo vikatokea kwa buluu, na maneno aliyoyaandika mtu yule kabla ya kuwapo kanuni zozote yakasomeka yote, kwenye mashine ambayo asingeweza kuifikiria. Nikabofya kiungo cha kwanza. Kikafunguka.